Vishimo Elfu Mbili: Utafiti wa Mitetemo Unavyoigusa Ardhi na Maji Yake

Habari ikizagaa kijijini kwamba watu wa mafuta wamekuja kuchoronga, wengi wetu tunaona mnara wa chuma, mwali wa moto juu ya bomba, na kesho yake utajiri au balaa, kutegemea mtu ameamkaje. Kumbe wanaotangulia hawategemei kuona hata tone la mafuta. Wanatoboa kishimo chembamba ambacho mdomo wake unaweza kuuziba kwa kiganja, kina chake mita sita, kumi, ishirini, mara chache thelathini. Wanashusha baruti, wanashindilia udongo juu yake, wanalipua, wanasikiliza. Halafu wanasogea hatua kadhaa mbele na kuanza upya.

Huo ndio utafiti wa mitetemo, na mantiki yake anaijua kila mnunuzi wa tikiti maji: unaligonga kwa kidole, unasikiliza linavyoitika, unajua limeiva au bado bila kulipasua. Mlipuko ndio kidole. Mtetemo unashuka, unakutana na mpaka kati ya tabaka moja la mwamba na jingine, sehemu yake inarudi juu kama mwangwi. Mamia ya vipokezi vidogo vilivyochomekwa ardhini, viitwavyo jiofoni, vinaunasa mwangwi huo pamoja na muda uliotumia njiani. Kompyuta ikiyaunganisha yote, inachora matabaka hadi kilomita kadhaa chini. Vipokezi vikipangwa kwenye mstari mmoja unapata picha ya 2D, sawa na kuona slesi moja ya mkate. Vikitandazwa kama wavu unapata 3D, mkate mzima.

Kuna swali ambalo wengi huliruka: kwa nini kutoboa kabisa? Si wangelipua tu juu ya ardhi? Wangeweza, lakini udongo wa juu umelegea na hula nguvu ya mlipuko, kama mtu anayepiga ngoma iliyofunikwa blanketi. Kwa hiyo mtaalamu anataka baruti yake ikae chini ya tabaka hilo legevu, na ikiwezekana ikae palipolowa, kwa kuwa ardhi iliyojaa maji hupitisha mtetemo vizuri kuliko mchanga mkavu. Tafsiri ya hayo kwa mwanakijiji ni hii: mtu wa mitetemo anakitafuta kina kilekile ambacho fundi wa visima vya maji anakitafuta. Hawa wawili hawana ugomvi wowote, lakini wanakutana chini ya ardhi. Nadhani hilo lilipaswa kuwa la kwanza kusemwa kwenye mikutano ya hadhara, kabla ya ajira za vibarua na kabla ya kelele.

Vishimo havitobolewi kwa namna moja, na namna ndiyo huamua uchafu utakaobaki. Ardhi ikiwa laini, kinatumika chuma kirefu chenye umbo la parafujo, kinachojizungusha na kupandisha udongo juu kikikwenda. Hakitumii maji wala dawa. Kwangu hiyo ndiyo njia safi kuliko zote, ila inashindwa mapema: ikikutana na jiwe inagoma, na ikikutana na mchanga wenye maji kishimo kinajifukia chenyewe kabla baruti haijashuka.

Hapo ndipo tope linapoingia. Simama karibu na mtambo unaotumia tope uone kazi yenyewe. Maji yaliyochanganywa na unga wa bentonaiti, ambayo ni aina ya mfinyanzi unaovimba ukilowa, yanasukumwa na pampu kupitia ndani ya fimbo za chuma zenye tundu, yanatokea kwenye meno ya biti, kile kichwa cha kukatia mwamba, kisha yanapanda tena pembeni mwa fimbo yakiwa yamebeba vipande vya mwamba. Juu yanamwagika kwenye kishimo kilichochimbwa kwa jembe, vipande vinazama, tope linanyonywa tena. Kijana mmoja ameshika koleo na anakoroga muda wote. Mwingine anachota kiganja cha vipande, anavisuuza, anaviangalia rangi. Tope lile linapaka kuta za kishimo utando mwembamba unaozuia zisiporomoke.

Bentonaiti yenyewe si sumu. Ni udongo. Madhara yake yanatokana na wingi na mahali: tope likiachiwa litiririke mpaka kijitoni, chembe zake laini hubaki zikielea kwa muda mrefu, maji yanakuwa kama chai ya maziwa, mayai ya samaki yanafunikwa na matumbo ya pampu za umwagiliaji yanaziba. Kilicho kibaya zaidi ni vile vidogo visivyotajwa: dizeli inayodondoka wakati wa kujaza tangi, grisi ya kwenye viungo vya fimbo, na dawa za kuongeza uzito au kupunguza povu ambazo fundi anazitia kwa makadirio. Tena kuna suala la maji yanatoka wapi. Mwezi wa tisa, eneo ambalo ng'ombe wanatembea nusu siku kufikia lambo, boza la maji linalokuja kuchota kwenye lambo hilohilo kwa ajili ya kutobolea vishimo lina madhara kwa mazingira hata kama halijamwaga tone la mafuta.

Kwenye mwamba mgumu wanatumia hewa. Kompresa kubwa inasukuma upepo kuendesha nyundo iliyo chini kabisa ya fimbo, na upepo huohuo unapuliza vumbi juu. Hakuna tope, lakini vumbi la mawe ya kwars halifai kuvutwa na mapafu ya mtu yeyote, na vibarua wenye kitambaa puani hawajakingwa na chochote. Jambo jingine linalosahaulika: hewa yenye mgandamizo hupenya kwenye nyufa za mwamba. Kisima cha jirani kilichounganishwa na nyufa hizo kinaweza kutoa maji yenye povu na matope kwa siku kadhaa, mwenye nyumba asijue kisa.

Mahali pasipofikika kwa gari, mitambo midogo inabebwa vipandevipande na watu au inaning'inizwa chini ya helikopta. Inaokoa miti, kwa sababu haihitaji barabara. Ila mashine ndogo haifiki mbali, kwa hiyo badala ya kishimo kimoja cha mita 20 watatoboa vitano vya mita tatu tatu na kugawa baruti. Umepunguza barabara, umeongeza matundu. Kazi hii yote imejaa mabadilishano ya namna hiyo, na mtu akikwambia njia yake haina athari, ujue kuna upande hajakuonyesha.

Tupige hesabu kidogo. Mstari wa kilomita 100, kishimo kila baada ya mita 50, ni vishimo 2,000. Kila kimoja kikiwa na kina cha mita 10, umetoboa jumla ya kilomita 20 za ardhi. Kisima kirefu kuliko vyote kwenda chini, kile cha Kola nchini Urusi, kiliishia mita 12,262. Kishimo chenye kipenyo cha sentimita 10 kinatoa udongo usiozidi ndoo nne za lita 20, kitu ambacho mtu angekitapanya kwa jembe bila kuacha alama. Mara elfu mbili, ni mita za ujazo zaidi ya 150. Kinachoshinda hapa ni idadi. Kisima kimoja cha mafuta kina mhandisi wake, kina bomba la chuma na saruji pande zote, kina faili. Vishimo elfu mbili vina kikosi cha vibarua wanaolipwa kwa kukimbizana na mstari.

Sasa turudi kwenye maji. Chini ya miguu yetu maji hayajakaa kama kwenye sinia moja. Yamekaa kwa matabaka: mchanga wenye maji, chini yake mfinyanzi usiopitisha, chini yake tena mchanga mwingine wenye maji yake. Tabaka la mfinyanzi ndilo kizuizi. Ukilitoboa na kuondoka bila kuliziba, umeacha mrija. Maji ya juu yaliyochanganyika na kinyesi cha mifugo au mbolea yanashuka, au ya chini yenye chumvi yanapanda, kutegemea upande upi una msukumo zaidi. Ikiwa msukumo wa chini ni mkubwa sana, maji yanatokeza hadi juu na kuendelea kumwagika. Jimbo la Alberta nchini Kanada, ambako utafiti wa namna hii umefanyika kwa miongo mingi, lina kanuni mahususi kwa vishimo vinavyotiririka: kikianza kutoa maji hakiachwi mpaka kizibwe, na maji yabaki kwenye tabaka lake.

Chukua bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa mikoa ya Arusha, Singida, Simiyu, Tabora na Shinyanga, ambalo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likilitafiti. Ziwa Eyasi lenyewe ni la magadi. Pembeni yake, Mang'ola wilayani Karatu, chemchemi za maji baridi ndizo zinazonywesha mashamba ya vitunguu vinavyojulikana mpaka ng'ambo ya mpaka. Maji baridi na maji ya chumvi yako jirani hivyo. Ongeza floridi, ambayo maji mengi ya chini ya ardhi ya Singida, Shinyanga na Arusha yanayo kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ya watu waliokulia maeneo hayo yanaonyesha kiwango hicho kimepitwa mara ngapi. Mahali kama hapo, fundi wa visima anajua kwamba tofauti kati ya kisima kizuri na kibaya inaweza kuwa mita chache za kina. Sisemi kwamba vishimo vya mitetemo vimeharibu maji huko. Nasema huko ndiko swali la kuziba vishimo lina uzito kuliko lingekuwa nao kwenye mwamba mkavu.

Kuziba kwenyewe si elimu ya ajabu. Punje za bentonaiti kavu zinamiminwa juu ya baruti, zinakutana na unyevu, zinavimba na kukaza kama kizibo. Juu yake udongo uliotoka, ukishindiliwa, na kichuguu kidogo kwa ajili ya kubonyea baadaye. Kizibo hicho kina kazi mbili: kinazuia nguvu ya mlipuko isirukie juu na kuacha shimo kubwa, na baada ya hapo kinakata ule mrija. Kinachotokea kikosi kikichelewa ni kwamba kishimo kinajazwa kwa teke la buti, vipande vya mawe na majani juu, na mstari unasonga.

Halafu kuna baruti yenyewe. Ikilipuka sawasawa inageuka karibu yote kuwa gesi, na mabaki ya naitrati yanayobaki ni kidogo kulinganisha na mbolea ya msimu mmoja shambani. Tatizo ni ile isiyolipuka: waya umekatwa na mbuzi, kile kiwashio ambacho wachimbaji wadogo wanakiita fataki kimegoma, au kazi imesimama katikati.

Ikisimama katikati, matokeo yake yanaonekana Sarayaku, jamii ya wenyeji wa asili waitwao Wakichwa, kando ya mto Bobonaza katika Amazonia ya Ekwado. Mwaka 1996 serikali iliipa kampuni ya CGC ya Argentina kitalu cha kutafutia mafuta kilichofunika sehemu kubwa ya ardhi yao bila kuwashauri. Kati ya Oktoba 2002 na Februari 2003 vikosi vya mitetemo viliingia. Vilifyeka njia, vikatengeneza viwanja saba vya helikopta, vikaharibu mapango na vyanzo vya maji ya kunywa, na kutoboa vishimo 467 vilivyojazwa takriban kilo 1,433 za pentolaiti, mchanganyiko wa baruti mbili kali. Wananchi walisimamisha kazi zao za kila siku, wakaenda kupiga kambi mipakani mwa ardhi yao kuwazuia. Kazi ikakoma. Baruti ikabaki. Kiasi kidogo, kama kilo 14, kilikuwa juu ya ardhi na kiliondolewa baadaye. Iliyosalia, zaidi ya kilo 1,400, ilikuwa imefukiwa chini kabisa, kwenye msitu ambao watu wanawinda na kulima.

Kesi ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na hukumu ya Juni 2012 iliikuta serikali na hatia kwa kutowashauri wenyeji na kwa kuyahatarisha maisha yao. Iliamriwa kulipa fidia na kuiondoa au kuituliza baruti ile. Fidia ililipwa. Baruti ya chini ilibaki hapo miaka mingi baada ya hukumu, kwa sababu kuichimbua kunahitaji kuvuruga msitu upya, kuiacha kunahitaji ujasiri wa kutembea juu yake, na watu wa Sarayaku hawakuomba lolote kati ya hayo mawili.

Siku hizi zinatengenezwa baruti zinazojioza zenyewe ardhini baada ya miezi kadhaa zisipolipuka. Ni hatua nzuri. Lakini anayeamua inunuliwe ipi ni mwenye bajeti, si mwenye shamba.

Kabla ya kishimo kuna njia ya kukifikia, na kwa viumbe wa porini hiyo mara nyingi ndiyo athari kubwa. Mtambo hauruki, unahitaji mkuza, ule ukanda uliofyekwa ulionyooka kama rula. Alberta mikuza ya zamani ilikuwa na upana wa mita tano mpaka nane, na mingi haijajifunga hata baada ya miongo kadhaa. Mbwa mwitu wa huko wameigeuza barabara. Wanakwenda kasi zaidi na kuwafikia caribou, wanyama wakubwa wenye pembe wa nchi za baridi, ambao zamani walijificha ndani ya msitu uliofungamana. Idadi ya caribou imeshuka, na mikuza ni moja ya sababu zinazotajwa na wanasayansi. Sasa wanafyeka mikuza myembamba ya mita mbili tatu, tena yenye kona, ili mnyama asione mbali. Kwetu anayenufaika na mkuza mpya si mbwa mwitu. Ni mkata mkaa mwenye pikipiki.

Wengine watauliza, si kuna malori ya kutetemesha yasiyohitaji baruti wala kishimo? Yapo. Lori zito, tani 20 na zaidi, linashusha sahani ya chuma kutoka tumboni, linaikandamiza ardhini na kuitetemesha kwa sekunde kadhaa. Ukiwa na barabara au ardhi ngumu ya kiangazi, ningelichagua bila kusita. Lakini peleka malori manne ya uzito huo yafuatane kwenye mbuga ya Wembere, kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, uone yatakavyoikandamiza njia mpaka maji yashindwe kupenya. Huko Alaska, kwenye hifadhi ya wanyamapori ya Aktiki, takriban kilomita 2,000 za njia za mitetemo zilipitishwa katika majira ya baridi ya 1984 na 1985, juu ya theluji na ardhi iliyoganda. Sehemu za nyayo zile zilikuwa bado zinaonekana miongo kadhaa baadaye.

Nisionekane natisha watu bure, kuna hofu mbili ambazo ningezipunguza. Moja ni nyufa za nyumba: baruti ya kilo moja au mbili iliyofukiwa mita 10 na kulipuliwa kwa umbali unaostahili haipasui ukuta, ingawa matetemeko madogo husikika na mabati huimba. Nyingine ni kwamba baharini nako wanatoboa kwa baruti. Baharini sauti inatoka kwenye mizinga ya hewa inayokokotwa na meli, na mjadala wake ni wa nyangumi, kasa na samaki, si wa vishimo. Umbali ndio neno la kukumbuka nchi kavu. Alberta kanuni huweka takriban mita 180 kati ya kishimo cha baruti na kisima cha maji, na hata hivyo kampuni makini hupima maji ya kisima kabla na baada, ili kukitokea malalamiko kuwe na namba za kubishania.

Hapa Tanzania karatasi zipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na tathmini ya athari kwa mazingira inayopitia NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, Sheria ya Petroli ya 2015 na usimamizi wa PURA, mdhibiti wa utafutaji wa mafuta na gesi, bodi za maji za mabonde. Ripoti ya tathmini ina kurasa nyingi za ndege na mimea. Mimi ningekwenda moja kwa moja kwenye kurasa za uchorongaji kutafuta idadi ya vishimo, chanzo cha maji ya kutobolea, vishimo vinazibwaje na kwa kitu gani, na orodha ya baruti zilizogoma inakabidhiwa kwa nani kazi ikiisha.

Kila kishimo kinapotobolewa huchomekwa pembeni yake kigingi chenye utepe wa rangi na namba iliyoandikwa kwa kalamu nene. Watoto huving'oa vigingi hivyo kwa ajili ya utepe, wakubwa huving'oa kwa ajili ya kuni. Namba ile ndiyo inayounganisha tundu la shambani kwako na jedwali la ofisini lenye kina, uzito wa baruti na kama ililipuka. Mvua za kwanza za masika ndizo hukagua kazi: palipozibwa vizuri kichuguu kinalala sawa na ardhi, pasipozibwa udongo unabonyea, na asubuhi unakuta tundu jeusi lenye mguu wa ndama ndani yake. Kufikia hapo kambi imeshang'olewa, mahema yamepakiwa, na simu ya afisa mahusiano haipatikani. Mwenye shamba aliyepiga picha kigingi kabla hakijawa kuni ana namba ya kuandika kwenye barua yake.